Diski iliyochomekewa umeme usio wake isizikwe kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji, hasa wapigapicha wenzangu, makatibu wa vikundi vya akiba, walimu na wote wanaotunza kazi zao katika diski ya nje, ile kubwa inayokaa mezani na kupewa umeme wa ukutani kwa adapta. Diski hizi zinatupwa jalalani, au zinachezewa mpaka zinakufa kweli, kwa sababu tu ziliwahi kuchomekewa adapta ya kifaa kingine, ilhali katika ajali nyingi za namna hiyo data iliyomo haijaguswa. Nasema haya kwa kuwa yamenipata, na kwa kuwa nilibakiza hatua moja tu nipoteze kumbukumbu za familia za watu walioniamini.

Mimi ni mwanamke mpigapicha, na kazi yangu hapa Tanga ni kurekodi shughuli za wanawake: singo, usiku wa kupakwa hina, kitchen party na harusi za ndani ambako mwanamume haingii. Nimeifanya kwa miaka 14. Picha na video zote nilizihifadhi katika diski moja ya terabaiti 4, yenye boksi jeusi linalosimama wima, na adapta yake ya volti 12 na ampea 2 ilikaa kwenye droo moja na chaja nyingine za nyumbani: ya ruta, ya king'amuzi, ya kamera ya mlangoni na ya kompyuta mpakato. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Uliporudi, jua limeshazama, mtoto wa kaka yangu alitaka kunisaidia kuunganisha vifaa kwa sababu mteja alikuwa njiani. Alichukua waya wa kwanza uliomjia mkononi, akachomeka, na pini ikaingia sawasawa bila kulegea wala kukaza. Akaniita: "Shangazi, mbona taa yake haiwaki?" Nilipofika nilikuta harufu kali, kama ya plastiki iliyosogezwa karibu na moto, ikitoka kwenye matundu ya boksi. Niliigeuza ile adapta chini ya taa na kusoma maandishi yake madogo: volti 19, ampea 3.42. Ilikuwa chaja ya kompyuta mpakato.

Mteja aliyekuwa njiani ni mama mmoja wa Chumbageni. Mama yake mzazi alikuwa amefariki wiki tatu kabla, na familia ilikuwa ikijiandaa kwa hitima ya arobaini. Katika harusi ya mjukuu wake niliyoirekodi miaka sita iliyopita, marehemu aliimba usiku wa hina, ameketi mkekani katikati ya wanawake wa rika lake, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuirekodi sauti yake. Mama huyo alifika, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akaniuliza: "Mwanangu, ile video ya mama bado unayo?" Nilimjibu kwamba ninayo, ila anipe siku chache. Baada ya yeye kuondoka nilikaa usiku ule nikilitazama boksi lisilo na taa, nikijua kwamba jibu nililompa huenda si la kweli.

Simlaumu kijana, na ningependa wasomaji waelewe sababu. Pini ya duara yenye kipenyo cha milimita 5.5 kwa nje hutumika katika vifaa vya kila namna, na tofauti ya tundu la ndani, kati ya milimita 2.1 na 2.5, ni ndogo kiasi kwamba mkono hauihisi. Ruta yaweza kutaka volti 9, king'amuzi na kamera volti 12, kompyuta mpakato volti 19, na vyote vikakubali pini ya umbo lile lile. Pini hiyo haina namna ya kuuliza kifaa kinataka umeme kiasi gani. Huingiza ule ule iliounganishwa nao. Chaja za USB-C zimejengwa vingine: huanza na volti 5, na hazipandi kufika 9, 15 au 20 mpaka kifaa chenyewe kiombe. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu, kamera na vifaa vingine vidogo vinavyochajiwa vitumie tundu hilo tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa kompyuta mpakato tarehe iliyowekwa ni 28 Aprili 2026. Sheria hiyo inahusu vifaa vyenye betri, kwa hiyo diski ya mezani haimo, na katika droo zetu pini za duara zitaendelea kuchanganyika kwa miaka mingi.

Nieleze pia habari ya volti na ampea, maana nimewasikia watu wazima na mafundi wakiieleza kinyume. Volti za adapta lazima zilingane na zile zilizoandikwa kwenye kifaa. Ampea za adapta zaweza kuwa sawa na za kifaa au kuizidi, kwa sababu kifaa huchukua kiasi kinachohitaji tu. Adapta ya volti 12 na ampea 5 haitaiunguza diski inayotaka ampea 2. Zikipungua, mota hushindwa kuanza kuzunguka vizuri, diski ikawa inagonga na kuzima, na mwenyewe akadhani imeharibika kumbe ina njaa. Kuna na jambo la tatu, la upande wa chanya na hasi, ambalo huonyeshwa kwenye lebo kwa mchoro mdogo wa nukta ndani ya nusu duara: diski nyingi hutaka chanya katikati ya pini, na adapta yenye hasi katikati huleta madhara hata kama volti ni zile zile. Walio kwenye umeme wa jua nao wajihadhari, kwa kuwa betri tunayoiita ya volti 12 hufika volti 14 na zaidi inapochajiwa, na diski kwa kawaida huvumilia asilimia 10 tu juu ya 12.

Sasa nieleze kilichotokea ndani ya boksi langu, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye na kuonyeshwa kwa macho. Diski ya inchi 3.5 hutumia njia mbili za umeme: volti 12 za kuzungusha mota, na volti 5 za chipu zake. Adapta huleta 12, na bodi ndogo ya boksi hutengeneza zile 5. Kwenye bodi ya diski yenyewe, jirani na mahali umeme unapoingilia, wenye viwanda huweka dayodi mbili za ulinzi, kila moja ikilinda njia yake. Umeme ukiwa wa kawaida, dayodi hukaa kana kwamba haipo. Umeme ukizidi, hufunguka na kuupeleka upande wa ardhi kabla haujazifikia chipu. Na ukiendelea kuzidi, kama ulivyoendelea ule wa volti 19, dayodi huungua na kubaki imepiga shoti. Kuanzia hapo diski haiwaki hata ukiirudishia adapta yake halali, kwa sababu umeme wote unaishia kwenye ile dayodi. Mlinzi amefia mlangoni, na mwenye nyumba yu hai ndani. Nilikuwa nimeiona dalili hiyo bila kuielewa: kila nilipochomeka adapta sahihi, taa ya kijani iliyo juu ya adapta ilizimika papo hapo, na nilipoichomoa ikawaka tena.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi wa kompyuta ambaye watu wengi mjini humtumia. Simtaji, kwa kuwa hakufanya kwa nia mbaya, na alilolifanya ndilo linalofanywa na mafundi wengi. Aliitoa diski kwenye boksi, akaitazama bodi, akasema imeungua, kisha akatafuta diski mbovu ya kampuni ile ile na ukubwa ule ule, akafungua skrubu za bodi yake na kuihamishia kwenye yangu. Nililipa shilingi 60,000 kwa bodi hiyo. Alipoiwasha, mota ilizunguka, na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu ukaanza mlio, tak, tak, tak, kwa mpangilio kama wa saa ya ukutani, kisha mota ikasimama. Akaizima na kuiwasha tena, mara nne au tano, na kila mara ni vile vile. "Mama, hii imekufa," akaniambia, "vichwa vimekwenda. Nunua nyingine." Bodi yangu ya awali alikuwa ameshaitupa kwenye kopo la bati lililojaa skrubu na mabaki ya simu.

Niliiomba ile bodi, bila sababu ninayoweza kuieleza zaidi ya kwamba ilikuwa yangu. Akanipa. Namshukuru Mungu kwa dakika ile, kwa sababu ndani ya bodi hiyo ndimo ulimokuwa ufunguo wa kila kitu.

Diski mbili zilizotoka kiwandani siku moja, zenye jina moja na ukubwa mmoja, hazifanani kwa ndani. Vichwa vya kusomea vya kila moja vina tofauti ndogondogo, na kiwandani diski hupimwa moja moja, kisha vipimo vyake huandikwa katika kumbukumbu ya bodi yake, mara nyingi ndani ya chipu ndogo yenye miguu minane. Bodi ya diski nyingine huja na vipimo vya vichwa vya wengine. Diski inapowashwa, vichwa huingia juu ya sahani, yaani zile duara zinazozunguka zilizobeba data, vikatafuta alama visizione, vikarudi, vikagonga mwisho wa njia yao, vikajaribu tena. Huo ndio mlio tuliousikia. Zamani, kwenye diski za miaka mingi iliyopita, kubadilisha bodi peke yake kuliweza kufaulu, na nadhani huko ndiko mazoea haya yalikotoka. Kwa diski za leo, anayebadilisha bodi lazima aihamishe na ile chipu kutoka bodi ya zamani, tena kwa diski ambayo namba iliyochapwa juu ya bodi yenyewe inalingana, si jina la nje tu. Katika baadhi ya bodi vipimo hivyo vimo ndani ya chipu kuu, na kazi inakuwa ngumu zaidi. Kwa hali yoyote, mtu akiitupa bodi ya awali ameutupa ufunguo wa nyumba akiamini ametupa kitasa kilichovunjika.

Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam alinielekeza kwa fundi mwingine, mzee aliyeanza na redio na vikuza sauti kabla ya kompyuta, na nilikwenda huko nimeipakata diski kwenye basi, imefungwa kwa taulo. Jambo la kwanza alilolifanya lilinipa imani: aliniuliza. "Dada, ilichomekewa nini, kwa muda gani, na nani ameigusa baada ya hapo?" Nilimweleza yote, na pale nilipotaja kubadilishwa bodi alifumba macho kidogo kisha akauliza bodi yenyewe iko wapi. Niliitoa mkobani.

Aliilaza bodi juu ya kitambaa, akawasha taa yenye kioo cha kukuzia, akaniita nitazame. Karibu na tundu la umeme kulikuwa na vipande viwili vyeusi, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Kimoja kilikuwa na uso laini. Cha pili kilikuwa na kidoa cha kijivu katikati, kama mahali palipochubuliwa kwa ukucha. Aliiweka mita yake kwenye alama ya mlio, akagusisha ncha mbili kwenye kipande cha kwanza, ikanyamaza. Akagusisha kwenye cha pili, ikalia mfululizo. Akageuza ncha, nyekundu ikaenda huku na nyeusi kule, ikalia vile vile. "Hii ndiyo iliyokufa kwa ajili yako," akasema. Aliipasha moto kwa chuma cha kulehemu upande huu na upande ule, akaing'oa kwa kibano, akapima tena pale ilipokuwa, na mita haikulia. Kisha akapima fyuzi, akapima mistari ya umeme kuelekea chipu kuu, akairudisha bodi kwenye diski yake, na badala ya kulitumia boksi, ambalo bodi yake ndogo nayo ilikuwa imeungua, akaiunganisha diski moja kwa moja na kompyuta ya mezani. Mota ilizunguka. Hakukuwa na mlio wa kugonga. Baada ya sekunde kama 15 jina la diski likatokea kwenye kioo, jina nililoliandika mwenyewe miaka ile.

Sikuruhusiwa kufungua hata faili moja, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningelipa ada kulijifunza. Mzee alisema diski isiyo na dayodi ya ulinzi inafanya kazi bila mlinzi, na hatujui vichwa vimeumia kiasi gani kwa kugonga siku ile, kwa hiyo kazi ya kwanza na ya pekee ni kuinakili yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwenye diski mpya yenye ukubwa ule ule au zaidi. Alitumia programu ya bure inayoitwa ddrescue, ambayo huendeshwa kwenye mfumo wa Linux: hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zile zinazogoma, huweka ramani ya ilipofika, na mwishoni ndipo hurudi kuzijaribu zilizobaki. Anayevuta faili kwa kipanya kutoka kwenye diski mgonjwa anafanya kinyume cha hayo, maana kompyuta ikifika mahali pabovu hung'ang'ana hapo hapo, na diski inachoka kabla ya kufika palipo pazima. Kazi ilichukua karibu saa 10, feni ndogo ikiipepea diski muda wote. Sehemu chache hazikusomeka, na mafaili mawili ya video ya mwaka wa kwanza wa kazi yangu hayafunguki hadi leo. Mengine yote yapo.

Malipo yalikuwa shilingi 50,000, pungufu ya niliyoilipa ile bodi isiyonifaa.

Sisemi kila diski itapona hivyo, na itakuwa dhuluma nikimpa msomaji tumaini lisilo na mipaka. Umeme ukiwa mwingi mno, au ukidumu muda mrefu, unaweza kupita dayodi na kuunguza chipu inayoendesha mota, na wakati mwingine ukafika kwenye chipu ndogo ya kukuza mawimbi iliyomo ndani kabisa, kwenye mkono wa vichwa. Hapo mita na chuma cha kulehemu havitoshi. Diski lazima ifunguliwe katika chumba kisicho na vumbi na vichwa vibadilishwe na mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo. Zipo pia diski za nje ambazo bodi ndogo ya boksi huifunga data kwa siri kila inapoiandika, mwenye diski awe ameweka nywila au hakuweka. Ukiitoa diski ya namna hiyo na kuiunganisha moja kwa moja na kompyuta, itaonekana kama tupu, na kompyuta itakuomba uifomati, yaani uifute na kuiandaa upya. Usikubali ombi hilo hata mara moja. Tunza kila kipande kilichotoka kwenye boksi, hata kilichoungua, kwa kuwa chipu iliyoifunga data huenda ndiyo pekee inayoweza kuifungua. Na zile diski ndogo za inchi 2.5 zinazopata umeme kwenye waya wa USB, nyingi siku hizi tundu lao limeunganishwa moja kwa moja na bodi ya diski, kwa hiyo huwezi kuziokoa kwa kubadilisha boksi.

Yako mambo ambayo watu wanashauriana kwa nia njema na yanaua. Nimeshauriwa niiweke diski kwenye friji usiku kucha. Unyevu utakaoganda na kuyeyuka ndani yake ni balaa kubwa kuliko ile dayodi. Nimeshauriwa niigonge ubavuni. Nimeshauriwa nifungue kifuniko "nione kama sahani imeungua". Sahani haziungui kwa adapta, na data imeandikwa humo kwa sumaku, si kwa umeme unaohitaji kuendelea kuwapo. Vichwa huelea juu ya sahani kwa nafasi isiyofika nanomita 10, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, na sahani zenyewe huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika; punje ya vumbi la barabarani ikiingia humo ni kama jiwe mbele ya pikipiki iliyo kasi. Aliyepatwa na ajali kama yangu achomoe umeme mara moja, asiwashe tena kujaribu, aiandike kwenye karatasi adapta iliyotumika na volti zake, na aibebe karatasi hiyo pamoja na diski, boksi, waya na adapta zote mbili kwa fundi mwenye mita anayekubali kupima kabla ya kubadilisha chochote.

Kuna upande mwingine wa habari hii unaonikaa moyoni kuliko ule wa umeme. Wanawake waliomo katika diski yangu walikubali kurekodiwa wakiwa vichwa wazi, wakicheza, wakilia, kwa sababu niliwaahidi kwamba hakuna mwanamume atakayeziona picha zile. Siku niliyoiacha diski kwa fundi wa kwanza sikulala, na si kwa sababu ya hasara peke yake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini katika mabanda ya mafundi sijaona hata karatasi moja inayomweleza mteja nani ataitazama data yake, itanakiliwa wapi, na nakala ya fundi itafutwa lini. Mzee wa Dar es Salaam alinakili usiku huku kioo kimeandika namba tu, bila kuonyesha picha hata moja, na asubuhi nilikaa mwenyewe kwenye kiti kuhakiki mafaili naye akatoka nje kunywa kahawa. Hakuniambia ni sheria. Ningetamani adabu hiyo ifundishwe.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaomba kwa heshima. Wauzaji wa adapta za rejareja, hasa zile za volti za kuchagua ambazo swichi yake husogea kwa kuguswa tu, waziandike volti kwa herufi zinazosomeka na mtu mzima bila miwani, na Shirika la Viwango Tanzania lifikirie kuyataka maandishi hayo, pamoja na mchoro wa chanya na hasi, kuwa sharti kwa kila adapta inayouzwa bila kifaa chake. Vyuo vya VETA vinavyofundisha ufundi wa kompyuta na simu viongeze somo la kuokoa data: kupima kwanza, kutotupa bodi, kunakili kabla ya kufungua, na kutunza siri ya mteja. Mafundi nao wasiseme "imekufa" kwa kitu ambacho hawajakipima. Mteja akilisikia neno hilo kwa fundi hurudi nyumbani na kutupa, na hakuna atakayekuja kujua kwamba palikuwa na dayodi moja tu ya kung'oa.

Kwangu mimi, droo imevunjwa. Kila adapta sasa ina utepe wa rangi ya kifaa chake na volti zimeandikwa kwa wino mzito, na ile ya kompyuta mpakato inakaa chumba kingine. Kazi za wateja ziko katika diski mbili, moja kwangu na nyingine kwa dada yangu Pongwe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwaka wa kwanza wa kazi, na wateja wangu walistahili kulipata tangu hapo.

Mama wa Chumbageni alikuja siku mbili kabla ya hitima na binti zake watatu. Tulifunga mlango, tukaiweka video kwenye televisheni, na marehemu mama yake akaimba dakika 7 akipiga kofi taratibu kwa mkono wa kulia. Aliomba irudiwe. Nakala yake nimempa katika vifaa viwili tofauti, na nimemwandikia kwenye bahasha namna ya kuvitunza.

Naambatanisha na barua hii picha ya lebo za adapta mbili, ile ya volti 12 na ile ya volti 19, zimelazwa pamoja na pini zake. Kama nafasi itaruhusu, naomba uichape, ili msomaji aone kwa jicho lake jinsi pini zinavyofanana na mahali pa kutazama kabla ya kuchomeka.

Mpigapicha,
Ngamiani, Tanga